Jina la Kwenye Ankara: Godelieve Anaondoka Kaunta

Godelieve Vermassen anastaafu siku ya Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Vigae Roelstraete kwa miaka thelathini na tisa. Miaka yote hiyo ameimaliza kwenye kaunta ile ile, juu ya kiti kirefu kile kile ambacho amekataa kubadilishiwa hata kilipoanza kulia kama paka. Anaondoka siku chache kabla ya likizo ya wajenzi, zile wiki tatu za Julai ambapo nchi nzima haishiki mwiko. Mtu mwingine angengoja likizo iishe ndipo aage, apate mshahara wake akiwa amekaa bustanini. Yeye anasema huo si uungwana. Kama hujafanya naye kazi, sentensi hiyo moja inatosha kukupa picha ya tuliyoyavumilia.

Nimepewa mimi kuandika wasifu huu, Wilfried wa ukumbi wa maonyesho ya vigae na masinki, kwa kuwa meza yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na kaunta yake, na kila alilowaambia wateja nimelisikia nikitaka nisitake. Bosi Herwig ameniomba niandike mambo ya furaha. Nitajitahidi. Lakini mwanamke aliyekufukuzia wateja tangu ulipokuwa na nywele mpaka ulipobaki na upara huwezi kumwandikia kana kwamba alishuka kutoka mbinguni.

Aliajiriwa mwaka 1986 na marehemu baba yake Bosi. Wakati huo tulikuwa tukilipa kwa faranga, na kila jiko katika mji wetu wa Oosterwalle lilikuwa na vigae vya kahawia. Godelieve aliviuza vya kahawia, akawauzia vya waridi waliotaka vya waridi, akauza vyeupe, na sasa anauza vya kijivu kwa watoto wa wale wa kahawia. Amehama kutoka taipureta kwenda kompyuta, na kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, bila kupoteza ankara hata moja. Wageni wote wa kazi amewafundisha yeye. Wote wamelia wiki ya kwanza, na karibu wote bado wapo.

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana bila hilo Godelieve haelezeki.

Watu wa kwetu hapa Ubelgiji huzaliwa wakiwa tayari wanafikiria watajenga wapi. Wakishapata kiwanja, wanaanza kufikiria watakwepaje VAT. Asilimia ishirini na moja kweli inauma, sikatai. Basi mteja anakuja ukumbini na mkewe, wanazunguka asubuhi nzima, wananichosha kwa maswali, wanachagua, wananipa mkono. Halafu mume anakwenda kaunta peke yake. Anaweka kiwiko. Anageuka kuona nani yuko nyuma. Anashusha sauti na kuuliza, "Na bila ankara, je?"

Usifikiri ni wezi. Ni walimu, wauguzi, mtunza sakristia, polisi siku yake ya mapumziko. Wanauliza hivyo kama mtu anavyouliza kama kuna maziwa ya kuweka kwenye kahawa. Mbelgiji ambaye hajawahi kuuliza hivyo, ama ni mtoto mchanga ama ni Godelieve.

Naye ana jibu lake moja, hajawahi kulibadilisha. Halitoi kwa ukali na hatoi mahubiri. Anatabasamu, kisha anasema kwa sauti ile inayofika mpaka kwenye masinki ya mwisho: "Bila ankara hatuuzi, baba! Ya kwako niandike jina gani?" Ukumbi mzima unageuka. Yule baba anakuwa mwekundu kuanzia shingoni. Wengine wanataja jina. Wengine wanakumbuka ghafla kwamba wameacha gari vibaya, na mimi nabaki na vigae vyangu na asubuhi yangu iliyopotea.

Daktari mmoja wa meno, jina lake namhifadhia, alijaribu mara tatu katika mwaka mmoja. Mara ya tatu Godelieve alimuuliza, bado akitabasamu, "Daktari, na wewe ukining'oa jino nikulipe chini ya meza, utaling'oa lote au nusu?" Daktari hakurudi kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshampigia hesabu ya bafu mbili na ngazi.

Wala usidhani alikuwa mkali kwa wateja tu. Kila Desemba watoto wa wafanyakazi hutembelewa na Mtakatifu Nikolasi, ambaye kila mtoto anajua huja kwa meli kutoka Uhispania. Mwaka mmoja aliyevaa ndevu na kofia ya askofu alikuwa binamu yangu. Alipomaliza kugawa machungwa na chokoleti, Bosi akamwambia apitie kwa Godelieve achukue bahasha yake. Godelieve akamtaka risiti. Binamu yangu, akiwa bado na ndevu, akamwambia, "Bibie, mimi ni mtakatifu." Akajibiwa, "Hongera. Saini hapa." Risiti hiyo ipo mpaka leo kwenye jalada la 1997, imesainiwa Nikolasi, Askofu, Uhispania, na mkaguzi wa hesabu hajawahi kuihoji.

Haya ni ya kuchekesha. Mwaka 2009 haukuwa wa kuchekesha.

Mabenki yalikuwa yameyumba mwaka uliotangulia, na watu waliacha kujenga. Wachache waliobaki walikwenda ng'ambo ya mfereji, kwa Gaston. Gaston alikuwa na ghala lenye geti la nyuma. Jumamosi asubuhi ungeingia na trela yako, ukatoa noti, ukapakiwa vigae, ukaondoka. Hakuna ankara, hakuna jina, hakuna aliyekuona. Huku kwetu nilikuwa nafuta vumbi masinki yale yale kila siku ili mikono isikae bure. Tulikuwa wafanyakazi tisa. Marnix, dereva wetu wa foklifti na rafiki yangu tangu shule, alikuwa ametoka kupata mapacha na mkopo wa nyumba kwa mwezi mmoja.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya wajenzi, Bosi Herwig alinunua chipsi kwenye kibanda cha uwanjani, akatukusanya ghalani. Huwa hatununulii chipsi bila sababu. Tulipoanza kula akasema.

"Likizo ikiisha, Jumamosi ya kwanza, tunafungua geti la nyuma. Hela taslimu, hakuna karatasi. Gaston anafanya, kila mtu anafanya, na mimi nimechoka kuwa mjinga peke yangu."

Godelieve akaweka uma wake chini. "Na mimi, Bosi, hiyo Jumamosi nitakaa wapi?"

"Utakaa huko nyuma upokee hela. Wewe ndiye watu wanakuamini."

"Si ndiyo sababu siwezi kukaa huko."

"Godelieve, usinianzie leo. Ukikataa, itabidi nitafute mwingine. Una likizo nzima ya kufikiri."

Alikuwa na miaka hamsini kasoro mwaka mmoja. Aliishi na mama yake mzee, na mshahara ndani ya nyumba ulikuwa mmoja. Kazi nyingine ya kaunta kwa umri ule, katika mwaka ule, asingeiona hata kwa darubini. Sote tulilijua hilo, na bado tulimkasirikia yeye, siyo Bosi. Marnix ndiye aliyelisema waziwazi.

"Dada Godelieve, mimi nina watoto wawili wa miezi miwili. Wewe una msimamo wako. Sasa niambie, hapo nani anakunywa maziwa mengi zaidi?"

Chipsi zilipoa na mayonezi ikakauka juu, na kwetu huo ni msiba.

Wiki ya pili ya likizo Bosi alinituma niende nikamlainishe. Nilimkuta bustanini nyuma ya nyumba, amechuchumaa katikati ya mistari ya maharage mabichi, anachuma. Mama yake alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, anakata ncha za maharage na kuyatupa kwenye sufuria. Nilisalimia. Nikaingia moja kwa moja.

"Godelieve, duka likifungwa hiyo ankara yako utamwandikia nani?"

"Jumapili asubuhi unanunua mikate wapi?" akaniuliza.

"Usinizungushe."

"Sikuzungushi. Wapi?"

"Kwa mwokaji wa kanisani. Si tunaonana."

"Basi na Gaston ananunua pale, na wateja wake pia. Umeshawaangalia wanavyosimama kwenye foleni?"

"Wanasimama kama watu wengine."

"Wanaangalia viatu, Wilfried. Jumamosi mtu ameingia kwa Gaston na trela, Jumapili wanapeana mgongo. Kwa sababu huyu hakununua na yule hakuuza. Na kigae kikipasuka, mmoja itabidi amwambie mwenzake, mimi sikujui wewe. Mimi naishi hapa. Sitaki nifike siku ya kumwambia mtu wa mji huu kwamba simjui."

"Maneno mazuri. Na mapacha wa Marnix wale nini, hayo maneno?"

Alivunja ganda la maharage, akalitazama, akalitupa kwenye ndoo.

"Hilo ndilo sina jibu lake," akasema. "Nimelitafuta, sijalipata."

Mama yake akadakia kutoka mlangoni. "Kichwa hicho kakitoa kwa baba yake. Nilijaribu miaka arobaini na mmoja, wewe utaweza kwa mchana mmoja? Kaa, unywe kahawa."

Sikukaa. Niliondoka na mfuko wa maharage niliosukumiwa mikononi, nikiwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Mtu akikupinga kwa hoja mbovu unamshinda ukalala. Yeye alinipinga kwa hoja nzuri iliyokuwa inataka kutufukuzisha kazi sote.

Likizo iliisha. Jumatatu alirudi, akawasha kompyuta, akamwagilia ua lake la kaunta, hakusema lolote. Ijumaa vilevile. Bosi naye hakumuuliza, akachukulia kimya kuwa ni ndiyo.

Niwaambie kuhusu geti lenyewe wale mliokuja baadaye. Linafungukia kwenye njia nyembamba ya nyuma, upande mmoja ua wa miti, upande wa pili mfereji. Gari moja linapita. Mawili hayapishani, na trela haigeuki. Ukishaingia, hutoki isipokuwa upite ndani ya ua wetu na kutokea barabara kuu. Mtu yeyote mwenye akili angeliona hilo. Lakini mtu wa kwetu anayekwenda kununua bila karatasi haangalii barabara, anaangalia nani anamwona.

Hatukumtangazia mtu, na mji mzima ulijua. Jumamosi ile, kabla Bosi hajamaliza kulifungua lile geti lililoshika kutu, magari yalikuwa yameshapanga mstari mpaka darajani, kila moja na trela yake nyuma. Trela zimefunikwa maturubai. Wengine walikuwa wamerundika matawi juu, ili atakayewaona adhani wanapeleka takataka za bustani. Kila mtu alikuwa amejificha kwa mwenzake aliyekuwa mbele yake kwa urefu wa gari moja.

Ndipo Godelieve alipotokea uani, amevaa koti lake la kazi, amebeba kile kiti chake kirefu kichwani kama mtu anayehama. Nilimshukuru Mungu. Nikajua amekubali. Alikishusha katikati ya geti, pale ambapo gurudumu la gari lingepita, akapanda, akaweka kitabu cha ankara magotini.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa yule daktari wa meno.

"Habari za asubuhi, daktari!" Sauti ile ile, na maji ya mfereji yaliibeba mpaka darajani. "Vile vya kijani vya bafuni, siyo? Ankara niandike jina la nyumbani au la kliniki?"

Daktari alishusha kioo nusu. "Godelieve, jamani. Si walisema leo ni huku nyuma?"

"Huku nyuma ndiyo hapa. Jina gani?"

Alitia gia ya kurudi. Arudi wapi? Nyuma yake kulikuwa na trela, na nyuma ya trela gari, na nyuma ya gari trela. Akapiga honi. Wa nyuma wakapiga za kwao. Milango ikaanza kufunguka.

"Mbele kuna nini?"

"Yule mama wa kaunta kakaa getini!"

"Mwambieni asogee bwana, watu tuna kazi!"

"Mwambie wewe, si una mdomo!"

"Mimi? Mimi hata sipo hapa, mimi napeleka matawi!"

"Matawi kwa muuza vigae?"

Bosi alikuja akikimbia, uso umemwiva. "Godelieve, toka hapo!"

"Nitatoka, Bosi. Lakini niambie kwanza, hapa mbele ya hawa, kwamba mimi si mfanyakazi wako tena. Ukishasema, nabeba kiti nakwenda kuwaaga wenzangu."

Sauti yake ilikuwa ile ile, ila kile kitabu cha ankara alikuwa amekishika juu chini. Mimi nilikuwa nimesimama upande, namuona. Alikuwa anaogopa. Katika miaka yote ndiyo siku pekee niliyomwona anaogopa, na hakusogea.

Bosi alifungua mdomo. Nadhani angesema. Ila kabla hajasema, kati ya magari alipita Mzee Omer, kwa miguu, polepole, ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha jikoni. Omer alikuwa mtunza malango ya mfereji, na watoto wote wa mji ule, Bosi Herwig akiwemo, wamefundishwa naye kuvua samaki. Alikifungua kile kitambaa. Kilikuwa kigae cha kijivu, kimepasuka vipande vitatu.

"Sikuja kununua mambo ya siri," akasema. "Nimeacha gari pale darajani, foleni haisogei. Nimekuja kuuliza kama mna vinavyofanana na hiki. Jiko lote limepasuka hivi. Mke wangu anatembea kwa kushikilia kigari, magurudumu yananasa, juzi nusura aanguke."

"Ulinunua wapi, mzee?" Bosi akauliza, ingawa sote tulijua.

"Kwa Gaston. Getini kwake, kama hivi. Nikamrudia nimwonyeshe. Nimecheza naye karata kila Alhamisi miaka ishirini. Ananitazama machoni ananiambia, Omer, vigae gani? Mimi sijawahi kukuuzia kitu. Kisha akanipa mgongo." Akaanza kukifunga tena kile kigae, kitambaa kinamshinda. "Sasa na hapa naona ni geti la nyuma. Herwig, mwanangu, ukiniuzia leo, kesho na wewe utakuwa hunijui?"

Honi zilikuwa zimenyamaza. Niliangalia ule mstari wa wanaume waliotoka kwenye magari yao, daktari, mwalimu, mtu wa matawi. Wote walikuwa wanaangalia viatu.

Nilimwona Bosi anahesabu, na hesabu ilikuwa ya kweli, na sisi tisa tulikuwa ndani yake. Halafu akamshika Mzee Omer mkono.

"Godelieve, mwandikie ankara Mzee Omer. Jina lake tunalijua. Na geti hili tulifunge."

Kurudisha nyuma trela kwenye njia ile kulichukua asubuhi nzima. Kurudisha trela moja kwa kioo cha pembeni ni ufundi. Kurudisha mstari mzima, kila dereva akimlaumu aliye nyuma yake, ni adhabu ambayo sheria haijaifikiria. Marnix aliwaongoza kwa mikono na matusi. Trela moja iliteremka gurudumu mferejini ikavutwa kwa foklifti yetu. Yule wa matawi, mwishowe, alikwenda kweli kutupa matawi. Daktari peke yake, kwa kuwa alikuwa mbele na hana pa kurudi, alinunua vigae vyake vya kijani kwa ankara, kwa jina la nyumbani, akapita uani kwetu akiwa ameinamisha kichwa. Amekuwa mteja wetu tangu siku hiyo. Nadhani aliona hana siri ya kulinda tena.

Natamani niandike kwamba baada ya hapo wateja walimiminika. Hawakumiminika. Majira yale ya baridi yalikuwa makavu kupita yote niliyoyaona. Godelieve alimwomba Bosi amkate yeye nusu ya saa zake za kazi ili Marnix abaki. Bosi akamwambia nusu ya karani haiendeshi foklifti. Novemba Marnix aliachishwa. Bosi alilia, Marnix hakulia. Akaenda kupata kazi kwa Gaston, maana hapakuwa na kwingine. Godelieve alimpelekea maharage aliyoyagandisha kwenye friji, akafungiwa mlango usoni. Mimi niliongea na Godelieve ya kazi tu mpaka Pasaka, naye hakunilaumu, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Na Gaston? Wanaopenda hadithi ziishe vizuri waruke aya hii. Gaston hajakamatwa. Hakuna mkaguzi aliyewahi kugonga. Aliuza ghala, akanunua nyumba Uhispania, yenye bwawa la kuogelea, huko huko kwa Mtakatifu Nikolasi. Nimeshauriwa nisiliandike hili kwenye jarida la wafanyakazi, naliandika. Natumaini bwawa lake alilitandika kwa vigae vyake mwenyewe.

Vigae alivyowauzia watu wa mji vilipasuka jiko baada ya jiko, miaka miwili mfululizo. Mtaa mzima ulikuwa na nyufa zile zile na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia jirani alinunua wapi. Wakaanza kuja kwetu, mmoja mmoja. Niliwapokea, nikawaonyesha, nikawapigia hesabu. Na nusu yao, naapa, nusu ya watu waliotoka kukanyaga vigae vilivyopasuka vya mtu aliyewaambia hawajui, walikwenda kaunta, wakaweka kiwiko, wakageuka kuangalia nyuma, wakauliza: "Na bila ankara, je?"

Mungu wangu. Mimi ningewarushia sinki. Godelieve alitabasamu na kuwauliza jina.

Hivyo ndivyo duka lilivyopona, kidogo kidogo, bila shangwe. Leo tuko wengi kuliko tulivyokuwa wakati ule, na geti la nyuma halijafunguliwa tena. Miiba imelizunguka, na ndege wamejenga kwenye komeo lake.

Aprili mwaka huu Marnix alikuja. Aliingia kwa mlango wa mbele, mara ya kwanza tangu aachishwe. Gaston alipoondoka, yeye alikwenda kuendesha basi la shule, na anaendesha mpaka leo. Mwanawe mkubwa, kaka wa wale mapacha, anajenga, maana na yeye ni mtoto wa hapa. Nilimzungusha ukumbini, tukachagua vya kijivu, hatukuongea mengi. Halafu akakaza mwendo kwenda kaunta peke yake, akaweka kiwiko. Nikasema moyoni, isiwe wewe, Marnix.

Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka masinki ya mwisho.

"Ankara andika jina la mwanangu! Na namba yake ya simu andika, kikipasuka mjue nani atakuja kuwasumbua."

Ukumbi mzima uligeuka. Godelieve aliinama kwenye kompyuta, akaandika, akafuta, akaandika tena. Jina lile alilijua tangu kijana alipobatizwa.

"Bado unalima yale maharage?" Marnix akamuuliza, sasa kwa sauti ya kawaida.

"Bado."

"Siku ile niliyafungia mlango nje. Mke wangu akayatoa kwenye theluji. Tuliyala." Akachukua karatasi yake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Yalikuwa matamu, dada."

Godelieve alikwenda kutazama mashine ya kahawa, ambayo haikuwa na tatizo lolote, akakaa huko muda.

Basi ndiye huyo tunayemuaga. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na Bosi Herwig aliyeusoma wasifu huu na kuniachia zaidi ya nilivyotegemea, tunamshukuru kwa kila alilotufundisha na kwa kila mteja aliyetukosesha. Kiti chake kirefu anaondoka nacho. Bosi alitaka kumpa tu kama zawadi, akakataa, kwa hiyo kimeuzwa kihalali kwa euro moja, VAT ikiwa ndani, na ankara imeandikwa kwa jina la Vermassen Godelieve. Tunamtakia afya, mvua ya kutosha kwenye maharage, na subira kwa mama yake ambaye amefikisha miaka tisini na sita na bado anatoa maoni.

Godelieve, umetuudhi sana. Jumapili tutakuona kwa mwokaji wa kanisani. Tutakuita kwa jina lako, kwa sauti kubwa, foleni nzima isikie.